Matundu Yale Yale

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama. Sanduku nalo limefika, ila mshikio umekatika njiani, ule nilioushona mwenyewe asubuhi ya safari nikiwa na haraka. Hukupata nafasi ya kuufumua, ndiyo maana.

Hosteli ni ya wasichana watupu. Chumba chetu tunalala wanne na dirisha linatazama ukuta. Kampuni iko ghorofa ya pili, na mikoba yote unayoiona kwenye maduka makubwa inatoka kwao. Nimepewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, simu ya ofisi, kiti kinachozunguka, na cheo: mtarajali. Utarajali wenyewe ni wa miezi sita. Unakaa kidogo idara ya mauzo, unahamia masoko, unahamia usanifu, na mwishoni wanachagua mmoja katika sisi watano wa kuajiriwa. Siku ya kwanza niliingia nikaanza kutafuta ufagio. Dada mmoja akaniuliza nimepoteza nini, nikamwambia, basi wakacheka mpaka mchana. Kumbe mtarajali hafagii, yuko mtu wa kufagia.

Sasa nikuambie jambo ambalo uso kwa uso lilinishinda. Huku wanasifu, baba. Nikipanga faili, hongera. Nikileta chai, hongera. Meneja ananiita nyota. Kwako nimetoboa ngozi kwa msharasi miaka mitatu mpaka kidole kikaota sugu, na neno "vizuri" sijalisikia hata kwa bahati mbaya. Kazi ikikukera ulichukua kisu, ukakata uzi, ukanirushia vipande magotini. Isipokukera ulipita kimya. Mama anadhani niliondoka kwa kupenda mjini. Sivyo. Niliondoka kabla hujaniachia kutoka uanagenzi kwa sababu nilichoka kusubiri uniambie kwamba mimi ni fundi. Hilo ndilo ninalolitaka kwako, na sitaki kingine. Basi, nimelitoa.

Msalimie mama. Mwambie nakula vizuri, ingawa si kweli sana.

Mwanao,
Kiherehere

---

20 Februari

Kwako Kiherehere,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiangalia kama kuna lawama nimeiruka. Usishangae herufi zangu kuwa kubwa hivi, kalamu ni mbovu na taa ya karakana imechoka.

Huo mshikio ulikatika kwa sababu ulivuta uzi ukiwa na hasira. Nilikuona. Nikasema acha, barabara itamfundisha.

Nimejaribu kumweleza jirani yangu fundi saa huo utarajali wako, tukashindwa wote wawili. Una miezi lakini huna fundi. Ukianza kuijua meza, wanakuhamisha meza. Ukikosea, anaumia nani? Mimi nikikufundisha vibaya, mteja atakuja kuvunja mlango wangu mimi, maana jina lililo juu ya mlango ni langu. Kwa hiyo nafumua. Huko nani anafumua kazi yako? Mtu asiyefumua kazi yako hana haja nawe kesho, lishike hilo hata kama linauma.

Halafu unanihesabia miaka. Uanagenzi hauna miaka, una siku. Mwanagenzi haijui siku hiyo, na fundi wake naye haijui mpaka aione kazi. Mimi niliingia kwa fundi wangu sina ndevu nikatoka ninazo. Tulikuwa wengi, tumebanana kwenye benchi moja, tukawaona wenzetu wakiachiwa mmoja mmoja, na kila mara roho inakudunda ukidhani ni wewe. Siku yako ilikuwa bado. Sikusema haiji.

Habari za hapa ni nzuri. Nimenunua sanduku kuukuu la ngozi, kazi ya fundi ambaye alishakufa na wala sikumjua. Nimelifumua lote, kisha nimelishona upya kwa matundu yale yale. Mama yako anasema nimeanza wazimu, mtu mzima kununua kitu kizima akakivunja. Nimemwambia anipikie tu.

Baba yako

---

11 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika, usinune. Ukinuna utajulikanaje, wewe ambaye uso wako ni ule ule msibani na harusini?

Nimeshapita mauzo na masoko, sasa niko usanifu. Mauzo nilikuwa napiga simu kwa watu wasiotaka kupigiwa. Masoko nilishika taa wakati wanapiga picha mikoba, na mkono ukichoka unaambiwa "dakika moja tu, nyota." Kila Ijumaa tunakaa duara na kila mtu anapigiwa makofi. Nilipigiwa makofi kwa kurekebisha mashine ya kurudufu karatasi, ambayo nilikuwa nimeichomoa mwenyewe kwenye umeme kwa kuteleza nikairudisha. Nilicheka peke yangu chooni. Halafu nikafikiri ungenifanya nini wewe, sikucheka tena.

Lile swali lako la nani anafumua kazi yangu lilinikera mwezi mzima. Hakuna anayefumua, baba. Wanaangalia, wanasema safi, wanapita na kikombe. Nikiuliza kasoro iko wapi wanasema jiamini. Natamani jibu lingekuwa jingine.

Lakini sikiliza hii. Kila mtarajali anatakiwa kumaliza na kitu chake, nami natengeneza mkoba. Kona zake sizikati. Unajua wewe kila kona unaikata kabari ndogo ili ngozi ikunjike bila kuvimba. Mimi nimepata njia ya kuilowesha na kuikunja mara mbili, inalala yenyewe, haikatwi popote, na maji hayana pa kuingilia. Nimeharibu ngozi nyingi mpaka imekubali. Nashona kwa mkono, kwa uzi wa nta, kama tulivyozoea.

Mwanao,
Kiherehere

---

2 Juni

Mwanangu,

Naandika mimi mama yako. Baba yako yuko hapa pembeni ananitamkia, anasema ana gundi mikononi, asije akachafua karatasi.

Anasema marahaba. Anasema kona isiyokatwa haiwezekani, yeye na fundi wake na fundi wa fundi wake wote wamekata. Anasema ngozi si karatasi ya kufungia maandazi. Sasa anasema ulete huo mkoba auone. Namuuliza niandike "tafadhali", anasema andika alivyosema. Haya, nimeandika alivyosema.

Anauliza chumbani kwenu dirisha bado linatazama ukuta au ukuta umechoka. Huo ni utani wake, amecheka mwenyewe.

Mwanangu, ungepata hata siku chache za mapumziko ungekuja kutuona. Kuna neno ningependa kukuambia ila mtu yuko hapa na masikio yake ni mazima. Ameniuliza naandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia nakuusia ule mboga.

Mama yako,
na baba yako mwenye gundi

---

12 Agosti

Baba,

Shikamoo. Mkoba ni huu. Nimeufunga kwa shuka langu la zamani usikwaruzike, mwambie mama shuka asilitupe.

Waliupigia makofi. Meneja aliutembeza meza kwa meza. Mambo yangu ya ajira yanashughulikiwa, kuna karatasi zinasubiri sahihi, msiwe na wasiwasi. Ukitaka kuniandikia tumia anwani hii hii ya hosteli, ila fanya haraka kidogo.

Sikuletei ili uusifu. Nasema uongo, nakuletea ili uusifu. Uchukue mezani kwako, utafute kasoro unavyojua kutafuta. Ukiikuta, iseme, nitavumilia. Usipoikuta, naomba unene hata neno moja. Makofi ya watu nimeshiba na bado nina njaa. Nimetokea kwako mimi, na asiponijua aliyenifunza, wengine wananijulia wapi?

Nangoja.

Mwanao,
Kiherehere

---

9 Septemba

Baba,

Shikamoo.

Kifurushi nimekipata. Nilikifungulia kitandani, wenzangu wamenizunguka wanataka kuona fundi mkuu amesemaje. Vikatoka vipande. Mgongo wa mkoba peke yake, tumbo peke yake, mshikio peke yake, kona zote nne zimekunjuliwa zikawa bapa. Na kibunda cha uzi mpya uliotiwa nta. Barua hakuna. Nilikung'uta lile shuka mpaka wenzangu wakaona aibu wakatoka.

Nimekuelewa. Siku hizi hata kisu hutumii, umefumua pole pole, hakuna tundu lililochanika. Ulikuwa na muda wa kutosha kuniambia sijui kazi. Na uzi umeniwekea ili nianze tena, kama siku zile, kama mtoto. Zamani angalau ulikuwa unanirushia mwenyewe. Sasa umelipa nauli ya kifurushi.

Sitaanza tena. Niliomba neno moja tu. Mimi si fundi, haya, yamekwisha, tusisumbuane. Usinijibu.

Aliyekuwa mwanagenzi wako

---

3 Desemba

Mama,

Shikamoo. Najua umenikasirikia. Naandika kwa anwani mpya, iko juu hapo.

Nisikufiche tena. Kampuni haikunichukua. Hawakumchukua yeyote kati yetu, walituambia wote mwishoni mwa Julai, siku hiyo hiyo ya makofi. Tukapewa cheti kimoja kimoja na kipande cha keki, na wiki iliyofuata wakaingia watarajali wengine watano. Nilipomtumia baba mkoba nilikuwa sina kazi tayari, nimebakiwa na kitanda cha hosteli mpaka mwanzoni mwa Septemba. Zile karatasi zinazosubiri sahihi nilizitunga. Simu ilikuwa ya ofisi, niliirudisha pamoja na kitambulisho. Mikoba yenye kona zangu ipo dukani sasa, imeshonwa kwa mashine. Niliiona nikiwa kwenye foleni ya kulipia maji ya kunywa.

Nauza kwenye stoo ya mifuko ya plastiki. Ni kazi, nakula.

Vile vipande bado ninavyo chini ya kitanda. Nimetaka kuvitupa mara nyingi. Mama, baba anasemaje? Bado ananuna? Niambie hata kama ni maneno mabaya, bora niyasikie. Ile barua yangu ya mwisho niliiandika nikiwa sijala, na kila nikiikumbuka natamani ipotee njiani.

Mwanao

---

15 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Kaa chini kwanza. Kama umesimama dukani kwa watu, ikunje barua hii uisomee chumbani.

Baba yako hatunaye. Tumemzika mwezi uliopita. Nilikutafuta. Kwenye simu yule dada anasema namba haipatikani. Nilituma mtu mpaka hosteli, akaambiwa ulishahama na hakuna ajuaye ulikohamia. Nimekukasirikia, nikakulilia, nikakukasirikia tena. Sasa nimechoka vyote, nakueleza tu.

Alikuwa na sukari. Ilianza kumla macho kabla hujaondoka. Zile herufi kubwa hazikuwa za kalamu mbovu, na ile siku ya gundi hakuwa na gundi, alikuwa haioni karatasi. Nilitaka kukuambia akanikataza. Alisema ukijua utaacha kazi uje kumshika mkono, na yeye hataki kushikwa mkono na mtu ambaye hajamwachia bado. Nami nikatii, kosa langu hilo. Wewe huko unaficha kwamba huna kazi, yeye huku anaficha kwamba hana macho. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikivaa wote watatu.

Mkoba wako ulipofika aliupakata kutwa nzima. Aliupitia kwa vidole, tundu kwa tundu. Alipofika kwenye kona, mkono ukasimama. Akaniuliza, "Hapa hakuna mkato?" Nikamwambia sioni mkato. Akaniambia nichukue taa niangalie vizuri. Nikaangalia, nikamwambia hakuna. Akaenda kona ya pili, ya tatu, ya nne, kila moja ananiuliza, na mimi najibu. Baadaye nikaona machozi. Katika ndoa yetu yote nilikuwa sijayaona.

Kisha akachukua msharasi akaanza kuufumua. Nilipiga kelele, mwanangu. Nilimwambia mtoto ameomba neno moja, wewe unamvunjia kazi. Akanifukuza karakanani. Alipomaliza akachora kiolezo cha kila kipande, akautia uzi mpya nta kwa mkono wake, akaniambia nifunge nitume. Nikamuuliza niandike nini. Akasema usiandike kitu, fundi haandikiwi, ataelewa.

Nami nikanuna kwa niaba yako, sikumuuliza zaidi. Mpaka barua yako ikaja. Mimi ndiye niliyekuwa namsomea, basi nikaanza kwa sauti, nikasema shikamoo, halafu macho yakatangulia mbele nikaona yaliyofuata. Yeye amekaa mbele yangu anatabasamu, anangoja. Ulimi ukanigeukia. Nikasema, anasema kifurushi amekipata, anasema amekuelewa. Neno hilo lilikuwamo, sikulitunga. Mengine niliyatunga: kwamba umelia kwa furaha, kwamba utakuja. Mungu anisamehe, na wewe unisamehe. Akasema, "Nilijua ataelewa."

Hapo ndipo nikamuuliza umeelewa nini. Akanicheka, akanieleza. Kazi ya mwanagenzi mbovu inakatwa kwa kisu, uzi na vyote, inarushwa. Kazi ya fundi haikatwi. Inafumuliwa pole pole ili mwingine ajifunze, tundu hata moja lisichanike, kisha mwenyewe anarudishiwa vipande vyake na uzi mpya, na hakuna anayesema kitu. Fundi wake alimwachia hivyo. Alisema mwanagenzi akirudishiwa vipande, benchi zima linasimama, maana fundi amekubali kwamba leo yeye ndiye aliyefunzwa. Nikamwambia, mume wangu, kwa fundi wako mlikuwa wengi, mliona wenzenu wakiachiwa. Mtoto wako kwenye benchi hili alikuwa peke yake. Alimwona nani akiachiwa, ajue? Akasema atakuwa ameshajua, si amesema ameelewa? Nami nikauacha uongo wangu usimame.

Usiku ule ule nilikuandikia yote haya. Barua ikarudi, imeandikwa mgongoni kwamba hayupo hapa.

Wiki zake za mwisho alizimalizia kwenye mkoba mwingine kama wako. Alikata ngozi kwa vile violezo vyako, akashona kwa vidole, macho yakiwa hayana kazi. Akilowesha kona inavimba, anaikunjua, anaanza tena, anakusemesha wewe kwa kunong'ona kana kwamba uko benchi la nyuma. Kona tatu zilikubali. Ya nne ikamkataa. Nilimwambia aikate tu kabari kama zamani, nani atajua. Akaniambia, "Iache. Mwache fundi wangu aje anifundishe."

Hivyo ndivyo alivyokuita, mwanangu, mimi nikisikia. Uliomba neno moja, ndilo hilo. Nimekuletea kwa kuchelewa.

Mkoba uko mezani pake, kona ya nne iko wazi. Sijauhamisha.

Mama yako

---

2 Januari

Mama,

Shikamoo. Nimeshindwa kuandika mapema, kila nikishika kalamu naona herufi zake kubwa.

Nimekata tiketi, nitafika Jumamosi. Nilipomwomba ruhusa mwenye stoo aliniuliza narudi kwenye kazi gani. Nikamwambia nina karakana. Sijui kama nimesema kweli, lakini ndivyo nilivyosema.

Usiliguse benchi lake. Ile kona nitaimaliza mimi, mbele yako, nawe utanishikia taa kama ulivyomshikia. Kiolezo ni kile kile na maji ni yale yale. Sitaikata.

Nakusamehe ule uongo. Nakushukuru kwa ule uongo. Alikufa akidhani nimemwelewa, na mimi nilikuwa hapa, nusu siku ya safari, nimemnunia na uzi wake chini ya kitanda.

Jana nilivitoa vile vipande. Nimeshona mkoba wangu upya kwa uzi alioutia nta, kwa matundu yale yale, na uzi umetosha mpaka tundu la mwisho, alikuwa ameupima. Nilipomaliza nikauweka pembeni ya meza, upande wake, kama nilivyozoea. Nikakunja mikono magotini nikakaa. Ilipita saa nzima, mama, ndipo nikajua kwamba namsubiri aje aufumue.

Mwanao,
Kiherehere